Kielelezo Kimoja kwa Jengo Zima: Nasaha kwa Wajenzi wa Unguja na Pemba

Ajengaye visiwani hujenga kwa vitu vilivyovuka bahari. Mawe na chokaa ni vya hapa, na mchanga nao ni wa hapa, ijapokuwa umekuwa adimu hata Serikali ikalazimika kuudhibiti uchimbaji wake. Lakini saruji, nondo, vioo, vigae, nyaya, mabomba na lifti aghalabu hutujia kwa chombo, hulipiwa nauli na ushuru, na vikiletwa pungufu kazi husimama, na vikiletwa zaidi ya haja hubaki uwanjani vikiliwa na hewa ya chumvi. Kwa hiyo kosa la kipimo, ambalo penye viwanda na maduka makubwa huenda likatengenezwa kwa siku moja, kwetu laweza kumla mwenye jengo fedha nyingi kabla ya kupata dawa. Na mtu akiniuliza kwa nini nchi ndogo yenye watu wasiofika milioni mbili, kwa hesabu ya sensa ya 2022, ijitaabishe na ilimu mpya ya kulijenga jengo ndani ya kompyuta kabla ya kulijenga juu ya ardhi, jawabu langu la kwanza ni hilo.

Ilimu yenyewe wenye fani huiita BIM, kifupi cha Kiingereza cha «Building Information Modelling», na asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1970 mwanachuoni wa Marekani, Charles Eastman, alikwisha kueleza namna ya kulihifadhi jengo zima katika kompyuta, si kwa mistari, bali kwa viungo vyake. Na katika miaka ya 1980 kampuni ya Graphisoft, iliyozaliwa Budapest katika nchi ya Hungaria isiyo kubwa, ikatoa programu ya ArchiCAD iliyoifikisha fikra hiyo katika meza za wasanifu. Katika ramani tulizozizoea, ukuta ni mistari miwili, na ni jicho la msomaji ndilo liujualo kuwa ni ukuta; katika kielelezo cha BIM ukuta ni ukuta, una unene wake, urefu wake, aina ya tofali lake na lipu yake ya ndani na ya nje, na mlango uliotiwa humo umefungamana nao. Ukiusogeza mlango, basi ramani ya sakafu, mchoro wa mkato, sura ya nje na jedwali la milango hubadilika vyote kwa pamoja, kwa kuwa vimetoka katika chimbuko moja. Ama zile picha zenye vivuli na miti na magari, ambazo wateja huonyeshwa wakavutiwa, ni sehemu ndogo kabisa ya manufaa yake, na anayeitaka ilimu hii kwa ajili ya picha peke yake afadhali abaki na fedha zake.

Mimi naamini kwamba katika shughuli hii makubaliano ni lazima yatangulie mashine, na kwamba ofisi inayonunua programu kabla ya kukubaliana na wenziwe namna ya kuitumia itapata taklifu bila ya faida. Mambo mara nyingi huenda hivi: msanifu hutengeneza kielelezo kizuri, kisha huchapisha ramani kutoka humo na kumpelekea mhandisi wa miundo karatasi, mhandisi huchora upya nguzo na mihimili yake katika programu nyingine, mkadiriaji majenzi naye hupokea karatasi hizo hizo akazipima kwa rula na kuandika jedwali lake la vipimo na bei, na mkandarasi, akipewa bahasha tatu zisizopatana, huchagua ile impendezayo. Hapo jengo lina nakala nne za ukweli, na hakuna anayejua ipi ndiyo sahihi mpaka zege limekwisha mwagwa. Kompyuta ilikuwapo, wala haikuzuia lolote.

Basi wa kwanza kuelezwa wajibu wake ni mwenye jengo, awe ni wizara, shule, msikiti, mwenye hoteli au mtu anayejenga nyumba ya kupangisha. Yeye ndiye alipaye na ndiye atakayeishi na jengo baada ya wote kuondoka, na kwa sababu hiyo ndiye mwenye haki na wajibu wa kusema anataka taarifa gani, lini, na kwa madhumuni gani. Kanuni za kimataifa za ISO 19650, ambazo sehemu zake mbili za mwanzo zilitolewa mwishoni mwa 2018, zimejengwa juu ya msingi huo: mwenye jengo huandika matakwa yake ya taarifa, na wataalamu humjibu kwa maandishi wataitimizaje haja yake. Katika miradi ya mabilioni matakwa hayo huwa kitabu. Kwa kituo cha afya cha Wete au dahalia ya wanafunzi, kurasa mbili zatosha. Na aandike kwamba anataka kila chumba kiwe na jina na eneo lake. Kwamba pampu, matangi, viyoyozi na vibao vya umeme viwe na aina, ukubwa na tarehe ya kuwekwa. Kwamba kielelezo kitakabidhiwa kwake katika faili iliyo wazi, ambayo programu ya mtu mwingine yaweza kuisoma. Na kwamba malipo ya mwisho hayatatoka mpaka kielelezo kilichosahihishwa kwa yale yaliyojengwa kweli kimefika mikononi mwake. Asitake zaidi ya anachoweza kukitumia, kwani taarifa isiyo na mtumiaji hugharimu fedha kuikusanya na huwa ya uwongo baada ya mwaka mmoja.

Yafuatayo ni makubaliano baina ya wataalamu wenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. La kwanza ni sifuri. Msanifu hupenda kuhesabu sifuri yake juu ya vigae, yaani pale mtu atakapokanyaga; mhandisi wa miundo huihesabu juu ya zege, kabla ya mchanga na saruji ya kulalia vigae; na tofauti baina yao, ambayo yaweza kuwa milimita 50 tu, isipoandikwa huzaa ngazi ambayo kidato chake cha mwisho hakilingani na vingine, na mlango ambao shuruti uchongwe kwa chini. La pili ni mahali. Kielelezo cha kila mmoja lazima kianzie nukta moja ile ile, na nukta hiyo ifungwe na mawe ya mipaka ya mpima ardhi, katika vipimo vya UTM vya ukanda wa 37 Kusini ambao visiwa vyetu vimo. Ama sivyo nguzo za mhandisi zitaelea nje ya kuta za msanifu siku ya kuvikutanisha vielelezo, na watu watapoteza asubuhi nzima wakivisogeza kwa mkono. La tatu ni majina. Faili iitwayo «ramani ya mwisho», ikafuatwa na «ramani ya mwisho kabisa», imekwisha kuleta ugomvi katika ofisi nyingi mno. Na ipewe badala yake jina lenye alama ya mradi, alama ya ofisi, ghorofa, aina ya kazi na nambari ya toleo, na mpango huo uandikwe siku ya kwanza na kufuatwa hadi siku ya kukabidhi.

La nne ni ghala la faili, ambalo laweza kuwa folda ya kawaida katika huduma yoyote ya kuhifadhi kwa intaneti, maadamu lina vyumba vinne visivyochanganywa: cha kazi ambayo mtu angali anaifanya na hakuna mwingine aitegemee, cha kazi iliyotolewa ili wenzake waiangalie, cha kazi iliyopewa idhini ya kujengwa, na cha zile zilizopitwa na wakati, ambazo hazifutwi bali huwekwa ili kesho pakizuka daawa ijulikane nani alisema nini na lini. Mwanafunzi aliyehitimu juzi aweza kulisimamia ghala hili, mradi wakubwa wake wamtii katika jambo hilo.

Makubaliano hayo yakisimama, ndipo kielelezo huanza kuzaa matunda yake, na tunda lililo wazi kuliko yote ni kugundua migongano. Chukua hoteli ya ghorofa tatu pwani ya Paje au Nungwi, yenye choo na kiyoyozi katika kila chumba: juu ya dari hukutana mihimili ya zege, mabomba ya maji machafu, njia za hewa, maji safi, nyaya za umeme na za simu, vyote vikigombea nafasi isiyozidi nusu mita. Katika karatasi ugomvi huo hauonekani, na matokeo yake ni fundi bomba kutoboa mhimili uliokwisha kukauka, pengine akakata nondo, na dhambi hiyo ikafichwa chini ya lipu. Nashauri wataalamu wakutane mara moja kwa wiki mbele ya kielelezo kilichounganishwa, na wawe na kanuni ya nani ampishe nani. Mhimili haupishi; bomba la maji machafu huja baada yake, kwa sababu maji hushuka kwa uzito wake na bomba halina khiari ya kupanda; kisha njia za hewa kwa unene wake; kisha maji safi; na nyaya, ambazo hupinda bila ya kunung'unika, huwa za mwisho. Tundu lolote litakalopita katika zege liamuliwe na mhandisi katika kikao hicho na liachwe wakati wa kumwaga.

Tunda la pili ni hesabu ya vifaa, na hapa nataka kutahadharisha. Ni kweli kwamba kielelezo chaweza kutoa kwa dakika moja idadi ya milango, eneo la vigae na ujazo wa zege, na ni kweli kwamba kwa nchi iagizayo vifaa kwa meli jambo hilo ni neema kubwa. Lakini kielelezo huhesabu kile kilichochorwa tu: hakijui vigae vitakavyovunjika njiani, hakihesabu urefu wa nondo zinapopishana isipokuwa mhandisi amezichora, wala hakijui mbao za kumiminia zege na miti ya kuzitegemeza, na kama msanifu amechora kuta mbili mahali pamoja kwa kusahau, kitazihesabu zote mbili bila ya haya. Mkadiriaji majenzi anayeiogopa ilimu hii kwa kudhani itamnyang'anya riziki amekosea, na mwenye jengo anayedhani hana tena haja ya mkadiriaji amekosea zaidi, kwa kuwa sasa kazi ya mtaalamu huyu ni kukikagua kielelezo, kujua kimeacha nini, na kukitia bei kwa tajriba yake ya soko.

Yapo malalamiko ya gharama, na ni malalamiko ya haki. Programu mashuhuri hukodishwa kwa mwaka kwa dola, na ofisi ya watu watatu Mwanakwerekwe haiwezi kuyabeba malipo hayo kwa wepesi wa ofisi ya London. Kwa bahati, tangu 2013 umbo la faili liitwalo IFC limekuwa kanuni kamili ya kimataifa, ISO 16739, na programu za aina mbalimbali huliandika na kulisoma. Na zipo programu za bure, kama FreeCAD, au Blender ikitiwa nyongeza ya Bonsai, ambazo kijana mwenye subira aweza kuzifanyia kazi ya kweli. Si nyepesi kujifunza, wala sisemi kwamba zinalingana kwa kila jambo na zile za kulipia, lakini kwa kusoma kielelezo cha mwingine, kukikagua na kukipima, zinatosha. Basi ofisi ikodi programu moja ya gharama kwa yule atakayechora, na wengine watumie za bure kusomea. Na kila mwisho wa hatua, nakala ya IFC iwekwe pamoja na faili asilia, ili siku ofisi itakapoacha kulipa kodi ya programu isijikute imefungiwa nje ya kazi yake yenyewe. Tena nakala za karatasi zisidharauliwe. Tuliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kwa sababu ya hitilafu ya waya wa baharini, hatuhitaji kukumbushwa kwamba kazi nzima isitegemee nishati iliyo mbali.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mpango wa malipo ya wataalamu. Msanifu wa Marekani Patrick MacLeamy alipata kuonyesha kwa mchoro ulioenea duniani kwamba katika utaratibu huu taabu ya kazi huhamia mwanzoni, ambapo mabadiliko ni rahisi, badala ya kulundikana mwishoni ambapo mabadiliko ni ghali. Ikiwa mkataba wetu bado unamlipa mtaalamu kidogo kwa fikra za mwanzo na kingi kwa ramani za mwisho, tunamtaka afanye kazi kwa mkopo, naye kwa haki kabisa atarudi kwenye desturi yake ya zamani. Anayetaka kielelezo kizuri agawe ada upya, sehemu kubwa ije mapema, na aandike katika mkataba kielelezo ni mali ya nani, na pakitokea ikhtilafu baina ya kielelezo na ramani iliyotiwa saini, lipi litashika hukumu. Kwa sasa, maadamu ofisi za vibali hupitisha ramani, mimi ningesema ramani ndiyo ishike.

Wala mafundi wasisahauliwe. Mwashi na seremala ndio wanaoligeuza neno kuwa tofali, na aghalabu wanazo simu zenye uwezo wa kufungua kielelezo kwa programu ya kutazamia isiyolipiwa. Basi vyumba, kuta na vifaa viandikwe kwa Kiswahili, nguzo iwe nguzo na lenta iwe lenta. Na kabla ya kumwaga zege la kila ghorofa, msimamizi awakusanye mafundi, awaonyeshe kielelezo cha sehemu ile tu, kisha awaulize kipi hakiwezekani. Fundi aliyefunga nondo miaka ishirini huona mara moja kwamba mahali fulani zimesongamana hata kokoto haitapita, na neno lake lirudi ofisini lisahihishe kielelezo.

Nimeulizwa kama Serikali itoe amri. Tazameni nchi ndogo zilizotangulia. Finland haikuanza kwa kuwaamuru watu wote: shirika linalosimamia majengo ya Serikali, Senaatti-kiinteistöt, lilianza lenyewe, likataka vielelezo vya IFC katika miradi yake tangu Oktoba 2007, na soko likafuata kwa kuwa mteja mkubwa ameuliza. Singapore ilitumia amri, lakini ikaitanguliza na msaada: mwaka 2010 ilitangaza mpango wake na kuweka mfuko wa dola milioni 6 za Singapore kuzisaidia ofisi kununua vifaa na kufunzwa, kisha mwaka 2013 ikadai vielelezo vya wasanifu kwa miradi mipya yenye zaidi ya mita za mraba 20,000, mwaka uliofuata vya wahandisi kwa kiasi hicho hicho, na mwaka 2015 ikashuka hadi mita za mraba 5,000 kwa wote. Dubai, ambayo watu wetu wengi wanaijua, ilianza mwaka 2014 na majengo ya ghorofa 40 na zaidi, pamoja na mahospitali na vyuo vikuu. Hata Uingereza, yenye nguvu zake, ilitangaza nia yake mwaka 2011 na kuwapa watu hadi Aprili 2016.

Kwa hali yetu ningependelea njia ya Finland, yaani Serikali kama mteja, kisha ngazi za Singapore baadaye. Kipimo cha ghorofa 40 hakituhusu, na cha mita za mraba 20,000 kingegusa majengo machache mno. Bora kuchagua aina ya jengo linalorudiwa, kama skuli au kituo cha afya, kielelezo kikatengenezwa vizuri mara moja, kikajengwa, kikasahihishwa, kikatumiwa tena Unguja na Pemba. Mkandarasi mdogo asifungiwe mlango wa zabuni kwa kukosa programu. Apewe kielelezo tayari na siku mbili za kufundishwa kukisoma. Walimu tunao: Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina vijana ambao mwaka 2016, pamoja na Kamisheni ya Ardhi, walirusha droni kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ajili ya ramani mpya. Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko hii, na ilifanywa na watu wa hapa.

Tena tusidhani kwamba ilimu hii ni ya majengo mapya peke yake. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sayyid Barghash, ilianguka mnara wake na sehemu ya mbele tarehe 25 Disemba 2020, katikati ya matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Majumba ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, yana kuta nene za mawe na chokaa na sakafu zilizolala juu ya boriti za mikoko, na kila moja lina mpindo wake, nyufa zake na nyongeza zisizoandikwa popote. Majengo haya yapimwe sasa, kwa mashine ya leza ikipatikana na kwa picha nyingi za kamera isipopatikana, na vipimo hivyo vitiwe katika kielelezo chepesi kinachoonyesha ni boriti ipi imeoza, ni ukuta upi umetoka timazi, na ni lini ulikaguliwa mara ya mwisho. Kazi hiyo haihitaji kungoja amri wala mfuko, na mimi naiona kuwa ya haraka kuliko zote nilizozitaja.

Wewe mwenye jengo unayetarajia kumwita msanifu mwaka huu, nakusihi, kabla ya kuuliza bei, muulize atashirikiana vipi na mhandisi na mkadiriaji, faili utakazokabidhiwa zitakuwa za umbo gani, na nani atakayekisahihisha kielelezo wakati wa ujenzi. Na majibu yake yatiwe katika mkataba kabla ya mtu yeyote kuchora mstari wa kwanza.